Mwana Asiyeguswa

Tangu Alfani alipochanjwa chale, mama yake hakuruhusiwa kumgusa. Wala si kumgusa tu. Hakuruhusiwa kumpa sahani mkononi, kumfulia shati, kumruka miguu akiwa amelala, wala kumpikia. Mwanahamisi alikuwa amelisha nusu ya mtaa wa Kabondo kwa mikate yake ya mafuta, hata walevi walimsifu, lakini sasa chakula cha mwanawe mwenyewe kilipikwa na Nyota, binti yake wa miaka tisa, kwa kuwa sharti la dawa lilitaka mpishi awe msichana ambaye hajavunja ungo. Nyota aliunguza lituma, ndizi za kupondwa, kila siku. Alfani aliila hivyo hivyo na moshi wake, akiikodolea macho mekundu, na hakulalamika hata mara moja, yeye ambaye zamani alinuna chumvi ikizidi punje mbili.

"Weka chini, Mama," alisema siku ile ya kwanza. "Usinipe kwa mukono. Weka chini na utoke kwanza."

"Nitoke niende wapi? Hii haiko nyumba yangu?"

"Miye niko simba sasa. Mwanamuke akinishika, dawa inakufa. Dawa ikikufa, na miye nakufa. Unataka nikufe?"

Swali la namna hiyo mama hulijibu vipi? Mwanahamisi aliweka sahani sakafuni, akaisukuma kwa mwiko. Alfani alikuwa na miaka kumi na mitano, na ndevu zake zote mtu angeweza kuzihesabu bila kuketi.

Ulikuwa mwezi wa tisa wa mwaka wa sitini na nne. Uhuru ulikuwa na miaka minne, waasi walikuwa na mwezi na kitu tangu wauteke mji wa Kisangani, na shule zilikuwa zimefungwa. Shule zikifungwa, wavulana hufunguliwa. Wale wakubwa waliingia jeshi la simba. Wale wadogo waliitwa jeunesse, yaani vijana, wakapewa fimbo, minyororo ya baiskeli na kazi ya kutafuta wasaliti, kazi ambayo haina mwisho ukiianza. Mganga aliwachanja kwenye paji la uso na kifuani kwa wembe, akawapaka unga mweusi, akawaambia risasi zitageuka maji mradi washike masharti: wasiguswe na mwanamke, wasigeuke nyuma vitani, waende mbele wima wakiita "Mai!" Kisha wakapewa bangi, ili moyo usitetemeke.

* * *

Aliyempeleka Alfani kwa mganga ni Faustin wa jirani. Mama yake, Florentine, alitoka Maniema zamani, mjane, muuza mawese, na yeye na Mwanahamisi waliazimana kila kitu isipokuwa waume. Faustin alikuwa na miaka kumi na saba. Hakuwa mtoto mbaya, na hili Mwanahamisi alilisema hata baadaye. Ndiye aliyemfundisha Alfani kuogelea chini ya maporomoko ya Tshopo, akimshika kidevu kisizame. Alfani alimfuata tangu hapo kama mkia. Faustin akivaa kofia upande, Alfani aliigeuza yake. Faustin alipovuta bangi, Alfani alivuta, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, wenzake wakacheka, na kesho yake akavuta tena ili wasicheke.

Makao yao yalikuwa veranda ya duka la Mgriki mmoja aliyekimbia. Walishinda hapo kutwa, wavulana arobaini hivi, wakivuta, wakinywa lotoko, pombe kali ya mahindi, wakipiga magoti ya wapita njia kwa fimbo na kudai karatasi ambazo wengi wao hawakuweza kuzisoma sawasawa. Jioni Alfani alirudi nyumbani akinuka, akicheka peke yake au akipiga ukuta ngumi. Ukimwuliza neno alikujibu kwa maneno ya Faustin, na sauti ya Faustin pia.

Baba yake, Asumani, alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda karibu na msikiti. Siku moja wavulana walimjia na ngozi za paka mwitu, hazijakauka vizuri, wakazitupa juu ya suruali ya mteja.

"Papa fundi," Faustin alisema, mguu wake ukiwa juu ya pedali ya cherehani, "utatushonea kofia. C'est pour la révolution, ni ya mapinduzi."

"Ngozi hii iko na maji bado. Sindano yangu itavunjika."

"Bon. Utashona ao hautashona?"

Asumani alimtazama mwanawe aliyesimama nyuma ya wengine. Alfani alitazama pedali. Fundi akashona kofia kumi na tisa, akavunja sindano nne, na hakuna aliyemuuliza hata kama anataka maji ya kunywa. Nyumbani alimwambia mkewe maneno machache tu.

"Umuache. Wazee walisema, mutoto akililia wembe umupe."

"Amekwisha kupewa wembe, Papa Alfani. Angalia paji lake. Mi nauliza, wembe utakata nani sasa?"

"Ukimusukuma, atatupeleka kwa bale wenzake. Umuache."

Asumani alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa wa kukaa chini. Mwanahamisi alikuwa ameujua miaka kumi na saba, na hakuutegemea tena.

* * *

Mambo yalimfika Mwanahamisi mwenyewe kwenye bomba la maji, mwezi wa kumi, asubuhi moja ya Jumatano. Mwalimu Hilaire alikuja na ndoo. Alimfundisha Alfani hesabu miaka miwili, mtu mwembamba wa miwani, na siku zile miwani ilikuwa ushahidi tosha wa usaliti. Wavulana wakamzunguka. Wakasema ni rafiki wa Wabelgiji. Mmoja akamvua miwani, akaivaa, akatembea akipapasa hewa, wote wakaanguka kwa kicheko.

"Piga magoti," Faustin alisema. Mwalimu akapiga magoti topeni. "Alfani! Huyu alikuwa anakupiga chicotte kwa klasi, ao hapana?"

"Alikuwa ananipiga," Alfani alisema.

"Alors? Deni halilipwe?"

Alfani alimwendea mwalimu. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakutulia mahali. Wanawake kumi na tatu walikuwa kwenye foleni, mama yake wa nne, na kila mmoja aligundua ghafla kwamba ndoo yake ina uchafu wa kutazamwa. Kofi la kwanza lilikuwa dogo. Wenzake wakazomea, wakisema anampapasa. La pili lilimwangusha mwalimu ubavu. La tatu halikuwa la lazima, maana hakuna aliyezomea tena, lakini Alfani alilipiga, na la nne, na alipofika la sita alikuwa akitabasamu.

"Alfani," mama yake aliita.

Hakugeuka. Faustin alimpiga begani akamwambia "Simba!" na uso wa mtoto ukawaka, uso ule ule aliokuwa nao akiwa na miaka saba, alipomaliza juzuu ya kwanza chuoni. Mwanahamisi aliona hilo kuliko alivyoyaona makofi. Alirudi nyumbani na ndoo isiyo na maji.

* * *

Wiki ya mwisho ya mwezi ule, mmoja wa wavulana hao, aliyeitwa Édouard, alishikwa mkono sokoni na dada yake. Msichana alikuwa akikimbia mvua, akateleza, akashika mkono wa mtu wa kwanza aliyemwona, na huyo alikuwa kaka yake. Édouard, kwa ujinga wake wa ukweli, alikwenda mwenyewe kwa wenzake akasema, mimi nimeguswa, nichanjeni upya. Lakini mganga alikuwa amekwenda upande wa Yangambi na hakuna aliyejua atarudi lini.

Walimlaza mbele ya duka la Mgriki, wakamchapa fimbo ishirini na tano. Faustin alihesabu kwa Kifaransa.

"Sikilizeni," aliwaambia wenzake, fimbo mkononi. "Samaki mumoja akioza, wote wanaoza. Mwenye dawa yake imekufa akipanda camion pamoja na sisi, anatuua sisi wote. Huyu hatapanda. Huyu atachota maji na banamama."

Kikawa kicheko. Walimfunga kitenge kiunoni na wakamwita Mama Édouard, na tangu siku ile alionekana bombani kila asubuhi, ndoo kichwani, akitembea kwa kuchechemea, na watoto wadogo wakimwimba.

Watu wa mtaa walimwonea haya. Mwanahamisi alimtazama kwa jicho jingine. Ijumaa ile ile lori liliondoka na wavulana kumi na sita kwenda vitani, Édouard akiwa bombani, na baada ya siku tisa hakuna hata mmoja wa wale kumi na sita aliyerudi. Édouard alikuwa anachota maji. Alikuwa na vidonda, hakuwa na sifa, lakini alikuwa anachota maji. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na uchungu humfundisha mzazi hesabu ambayo hata Mwalimu Hilaire hakuifundisha.

Jumatano ya pili ya mwezi wa kumi na moja, Alfani alisema wanaondoka Ijumaa, njia ya Lubutu. Alilisema akiwa anakula, kama anayesema mvua itanyesha.

* * *

Alhamisi, baada ya adhuhuri, Alfani alikuwa amelala mkekani baada ya kuvuta. Asumani alikuwa kibandani kwake. Mwanahamisi alimtuma Nyota kwa mama mkwe wake kurudisha ungo ambao haukuwa na haraka ya kurudishwa.

Alikuwa amefikiria kwanza kwenda kumshika Alfani pale verandani, mbele ya wenzake wote. Ingekuwa imekwisha hapo hapo. Lakini alikumbuka fimbo ishirini na tano, na inzi kwenye vidonda vya Édouard, na kitenge kiunoni. Akamhurumia mwanawe. Akasema moyoni, nitamgusa tukiwa wawili tu, nitamwambia mwenyewe, ataogopa kwenda, atasingizia homa, atabaki. Huruma yake ilimpotosha hapo, naye angeitafuna kauli hii miaka mingi.

Alipiga magoti akaweka kiganja kizima juu ya paji la uso wa mwanawe. Miezi miwili hakuwa amemshika. Paji lilikuwa na jasho, na chale zilikuwa zimeota nyama, mistari midogo migumu. Alikuwa amesahau jinsi kichwa chake kilivyokuwa kidogo. Hakuondoa mkono.

Alfani alifungua macho. Kwa muda hakuelewa, akatulia chini ya mkono ule kama zamani akiwa na malaria. Kisha akaelewa.

"Nimekushika," mama yake alisema haraka. "Miye mama yako nimekushika, kwa makusudi. Dawa imekufa. Kesho hautaenda. Utasema uko na homa, hakuna mutu atajua..."

Alimpiga. Lilikuwa kofi la bombani, lile la sita. Mwanahamisi aliangukia kinu, mdomo ukapasuka. Alfani alisimama juu yake, mkono bado uko hewani, kisha akashika ncha ya shati lake na kuanza kufuta paji lake, akafuta na kufuta kama kwamba mkono wa mama ni matope, mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Umeniua," alisema. "Mama, umeniua." Na akalia kwa sauti ya kitoto, maana hakuwa na nyingine.

* * *

Saa kumi Florentine alikuja, kama kila Alhamisi, watwange sombe, majani ya muhogo, pamoja. Alitaka ya kutosha, kwa sababu Faustin alikuwa akisafiri kesho; kutwanga sharti halikukataza, na Nyota ndiye angewapikia wavulana wote wawili.

"Mudomo wako umefanya nini?"

"Nilianguka juu ya kinu."

Wakatwanga. Florentine alikuwa mwanamke wa kicheko cha karibu, lakini siku ile alitwanga bila kuinua macho.

"Faustin alishikwa na homa Jumapili," alisema. "Homa ya kweli, meno yanagongana. Nilikaa mulangoni usiku muzima. Nilimuwekea maji chini, kwa kikombe, nikayasukuma na fimbo. Alikuwa anaita, mama, mama. Sikuingia. Nilijiambia, Florentine, ukiingia utamuua." Akapumua. "Ni miezi mbili na nusu sasa. Sijamushika hata nguo yake."

Mwanahamisi alisimamisha mchi. Alitaka kumwambia neno lile. Lakini Florentine aliamini dawa kama alivyoamini ubatizo, na Florentine hakuwa na siri na mwanawe. Likimfikia Faustin, Alfani angekuwa chini ya fimbo kabla ya magharibi, na yeye mwenyewe pengine mahali pabaya zaidi, kwa sababu mwanamke aliyevunja dawa ya simba makusudi alihesabiwa msaliti, na wasaliti walipelekwa mtoni wasirudi.

"Mungu atabarudisha," alisema.

"Amina," Florentine alisema, wakaendelea kutwanga. Jua lilipotua Florentine alibeba sombe yake, akaacha mchi wake umeegemea ukuta, kama alivyozoea.

* * *

Ijumaa asubuhi lori lilisimama mbele ya duka la Mgriki. Mtaa mzima ulitoka. Akina mama walisimama upande wa pili wa barabara, mbali, kama walivyoagizwa, na wengi walikuwa wamefunga mikono nyuma wasije wakajisahau.

Alfani alikuwapo. Alivaa kofia aliyoshona baba yake. Mwanahamisi alipomwona alijituliza: atasema. Atafika mbele aseme ana homa.

Kamanda wao, mtu mzima mwenye bunduki ya kweli, aliwapanga mistari miwili akawauliza kwa Kiswahili kisha kwa Kilingala.

"Nani amevunja sharti? Nani alishikwa na mwanamuke? Aseme sasa."

Bombani, hatua hamsini kutoka hapo, Édouard alikuwa akijaza ndoo, na mmoja wa wavulana akaiga mwendo wake wa kuchechemea. Safu nzima ikacheka. Alfani alicheka pia. Alicheka kwa nguvu kuliko wote, macho yake yakiwa kwa mama yake.

Mwanahamisi angeweza kupaza sauti. Sentensi moja tu ilitosha. Aliifungua midomo, ile yenye kidonda, na akaogopa. Aliogopa mto, aliogopa fimbo, alimwogopea Nyota aliyekuwa ameshika nguo yake. Hapo Faustin, aliyekwisha panda, alinyoosha mkono chini. "Njoo, petit, mudogo wangu." Alfani akaushika mkono ule, akapanda. Walikuwa ishirini na watatu. Lori lilipoondoka waliita "Mai! Mai!" na Florentine akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

* * *

Alfani alirudi siku ya kumi, alasiri, kwa miguu, akipitia nyuma ya nyumba. Kofia hakuwa nayo, wala kiatu kimoja. Asumani alimwona kwanza, akasema "Alhamdulillahi," akaketi chini kwenye vumbi.

Mwanahamisi alikuwa na lituma jikoni. Alitia kwenye sahani, akaiweka sakafuni, akaisukuma kwa mwiko. Miezi ilikuwa imemfundisha vizuri.

"Nipe kwa mukono," Alfani alisema.

Akampa kwa mkono. Vidole vyao vilikutana chini ya sahani na hakuna aliyesema kitu. Alikula yote, kisha akaanza kusema, akiielekea sahani tupu.

"Tulifika kwa daraja. Baliturushia risasi. Bengine bote walienda mbele, wima, wanaita Mai. Miye nilijua." Akafuta sahani kwa kidole. "Nilijua yangu imekufa. Nililala chini kwa mufereji, kwa risasi ya kwanza tu. Bale hawakulala. Juu ya nini balale? Baliamini."

"Na Faustin?"

"Aliona siko pembeni yake. Akageuka nyuma kuniangalia. Akaita, petit, simama." Alfani alipangusa pua kwa mkono. "Ni vile risasi ilimupata. Akiwa ananiita. Tumebaki watatu, Mama. Samaki mumoja akioza. Nilipanda camion na sikusema, juu sikutaka banicheke. Mi niliwaua."

"Haukuua mutu. Risasi haiulizi nani alishikwa na nani."

"Wewe unajua nini ya risasi?"

Asumani, pale vumbini, alikuwa analia kimya kimya, na mkewe kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alimwonea wivu.

* * *

Habari mtaani hazihitaji miguu. Jua halijatua, Florentine alikuwa mlangoni, mikono yake ikiwa bado na wekundu wa mawese. Hakubisha hodi. Alimtazama Alfani aliyeketi mkekani, akatazama nafasi iliyo karibu naye, kama mtu anayehesabu watoto.

"Faustin iko wapi?"

Alfani alisimama, kwa heshima, kama alivyofundishwa. "Alienda mbele, Mama Faustin. Hakuogopa."

Florentine alikaa. Hakulia. Alionekana mtu aliyepewa hesabu isiyotoka.

"Haiwezekane," alisema polepole. "Miye sikumushika. Waulize bote. Akiwa na homa sikumushika. Akiwa analia sikumushika. Siku ya camion nilisimama kule mbali kama mutu wa njia. Nilishika sharti yote. Alors nani alimushika mutoto wangu?"

"Hakuna aliyemushika, dada," Mwanahamisi alisema.

"Basi juu ya nini amekufa? Na huyu," alimwonyesha Alfani kwa kidevu, bila chuki, akitaka kujua tu, "juu ya nini huyu iko hapa?"

Mwanahamisi alitaka kusema Mungu ndiye ajuaye. Neno lilikuwa tayari. Lakini Alfani alitangulia. Alilisema lile neno alilopaswa kulisema mbele ya lori, kwa sauti ile ile aliyoikosa siku ile.

"Mama alinishika."

Asumani alisema "Alfani!" kwa ukali ambao hakuwa amewahi kuutumia, lakini ulikuwa umechelewa.

Florentine alimgeukia Mwanahamisi. Mwanahamisi alisubiri makofi, matusi, sauti ya kuita mtaa. Alikuwa amejitayarisha kwa samaki mmoja aliyeoza. Hakujitayarisha kwa kile kilichokuja.

"Ulimushika lini?"

"Alhamisi. Kabla ya lori."

"Alhamisi tulitwanga sombe."

"Ndiyo."

"Saa kumi. Ulikuwa umekwisha kumushika?"

"Nilikuwa nimekwisha."

"Juu ya nini ulimushika?"

"Asiende," Mwanahamisi alisema. "Dawa sikuiamini sana. Nilitaka tu asiende. Akaenda. Lakini alilala chini."

Florentine alitikisa kichwa, akikubali kila kitu, kimoja kimoja. Akaitazama mikono yake mwenyewe, ile ya mawese, akaigeuza kiganja juu, kiganja chini. Miezi mitatu ilikuwa imekaa bure.

"Nilikuambia alikuwa na homa," alisema. "Nilikuambia anaita mama. Ulikuwa unanisikiliza, mchi mukononi."

"Niliogopa, dada. Wallahi niliogopa."

"Ungeniambia," Florentine alisema. Hakupaza sauti. "Ungeniambia tu, Mama Alfani. Na miye ningemushika wangu."

Akainuka. Nje aliuchukua mchi wake, ambao tangu Alhamisi ile ulikuwa umeegemea ukuta, akaenda nao kwake.